Kupima na Kugonga Mhuri Goldsmiths' Hall, London: Inamfaa Nani?

Sonara anayeuza Uingereza hana hiari ya kupeleka au kutopeleka kazi yake kupimwa. Hiari yake ni aipeleke wapi. Sheria ya mwaka 1973 inamkataza mfanyabiashara kukiita kitu dhahabu, fedha au platinamu anapokiuza, kama hakina mhuri wa ofisi ya upimaji. Vinavyosamehewa ni vyepesi: dhahabu chini ya gramu 1, fedha chini ya gramu 7.78, platinamu chini ya gramu 0.5. Ofisi zenyewe ni nne, London, Birmingham, Sheffield na Edinburgh, na mhuri wa mojawapo una nguvu sawa na wa nyingine. Hapa tunaiangalia ya London, ambayo tangu mwanzo iko chini ya chama cha masonara wenyewe, Goldsmiths' Company, chenye hati ya kifalme ya mwaka 1327.

Hukumu yetu ni hii: kwa upimaji, ofisi hii inaaminika bila wasiwasi. Kwa mwenye karakana inayotoa kazi kila wiki, inafaa sana. Kwa mtu mwenye pete moja, gharama haina uwiano na kazi, kwa sababu malipo huhesabiwa kwa kifurushi na yana kima cha chini. Pete 30 ndani ya bahasha moja zinagawana kima hicho. Pete moja inakibeba peke yake.

Hatua ya kwanza ni kusajili alama yako: herufi mbili au zaidi za jina ndani ya umbo la ngao. Usajili unadumu miaka 10. Alama hii inamtaja anayewajibika kwa kitu hicho, hata kama aliyeshika nyundo ni mwingine, na si jambo geni, maana tangu 1363 kila fundi mkuu wa usonara Uingereza alitakiwa kuwa na alama yake. Anayetaka kuchorewa kwa leza tu hahitaji kuchongewa mhuri wa chuma. Anayetaka ya kugongwa afikirie ukubwa mapema: mhuri wa pete ukiugonga chini ya bakuli unapotea, na wa bakuli hauingii ndani ya pete.

Kila kifurushi kinakwenda na karatasi inayotaja idadi, aina ya madini, kiwango cha usafi unachodai na namna unavyotaka mhuri uwekwe. Usichanganye karati 9 na karati 18 katika mfuko mmoja usio na maelezo. Na usipeleke kazi iliyokwisha kung'arishwa kabisa. Mhuri wa kugonga husukuma chuma: unaingia upande mmoja, upande wa pili kunatokea uvimbe mdogo ambao sharti uulaze na kuupiga msasa upya. Ndani ya pete hutumika mhuri wenye shingo iliyopinda, ili nyundo ipige kutoka nje ya duara. Alama ya kugongwa ina kina, na pete ya ndoa inayovaliwa kila siku itakuwa bado inasomeka baada ya miaka mingi. Leza haisukumi chochote, kwa hiyo ndiyo ya kuchagua kwa vitu vyenye uwazi ndani, vyembamba, au vilivyokwisha pachikwa mawe. Zumaridi na opali hazistahimili nyundo. Kama una nafasi ya kuchagua, peleka kazi kabla ya kupachika mawe.

Kisha upimaji. Kwa kazi nyingi za kawaida huanza na mashine ya eksirei, ambayo kwa muda mfupi inasoma viwango bila kukwaruza. Udhaifu wake ni kwamba inaona juu juu tu. Kwa dhahabu nyeupe iliyopakwa rodiamu, madini meupe ya kung'arishia, au fedha iliyopakwa dhahabu, mashine inaweza kusoma ngozi badala ya mwili. Ndiyo maana kazi iliyopakwa kabla ya kupimwa huleta usumbufu. Upakaji uwe wa mwisho, mhuri ukishawekwa.

Pale jibu la eksirei lisipotosheleza, dhahabu hupimwa kwa moto, na hapa ndipo ofisi hizi zinapojipatia heshima. Hukwanguliwa kipande kidogo, kinapimwa kwenye mizani nyeti, kinaongezewa fedha na kufungwa katika karatasi ya risasi. Kinawekwa kwenye kikombe kinachonyonya, zamani cha jivu la mifupa, ndani ya tanuru la joto la nyuzi takriban 1,100. Risasi inaungana na oksijeni ya hewa pamoja na shaba na takataka nyingine, vyote vinanyonywa na kikombe, inabaki punje ya dhahabu na fedha. Punje inagongwa hadi iwe bapa, inakunjwa, inachemshwa katika asidi ya nitriki ambayo inaila fedha yote. Kinachobaki ni dhahabu tupu. Kinapimwa tena, na tofauti ya uzito ndiyo jibu. Fedha iliyoongezwa mwanzoni si ya kupamba hesabu: bila fedha ya kutosha, mara mbili na nusu hadi tatu ya dhahabu, asidi haipenyi hadi ndani.

Kinachowaangusha mafundi wengi ni kwamba kipimo hakina msamaha. Aliyeandika 750, yaani sehemu 750 za dhahabu katika 1,000 au karati 18, akipatikana na 748, ameanguka. Atarudishiwa, au akubali mhuri wa kiwango cha chini yake, 585, na ahesabu hasara. Sababu tunazozijua ni zile zile. Ya kwanza ni kumimina kwa mabaki ya karakana: vumbi la tupa na vipande vya zamani vina lehemu ndani, na kila vinapoyeyushwa upya usafi unashuka kidogo. Angalau nusu ya mchanganyiko iwe dhahabu mpya, na lenga juu kidogo ya 750, usilenge 750 kamili. Ya pili ni lehemu yenyewe. Kwa fedha ya 925, lehemu isipungue 650. Kwa karati 18 ya njano, lehemu iwe karati 18. Karati 22 inaruhusiwa lehemu ya 750. Na iwe ya kuunganishia tu. Fundi anayeziba tundu la kumiminia kwa lehemu, au kunenepesha ukingo kwa lehemu, ameongeza madini hafifu mahali ambapo mpimaji huenda akakwangua.

Ya tatu inaudhi zaidi kwa sababu si kosa la mkono wako: kifungio cha mkufu kilichonunuliwa tayari. Mkufu ni safi, kikulabu chake ni karati pungufu, na kazi nzima inakwama. Springi ya chuma ndani ya kifungio inaruhusiwa, kwani dhahabu haina unyumbufu wa kufanya kazi hiyo, ila mwili wa kifungio hauna udhuru.

Alama za lazima ni tatu: yako, namba ya usafi, na ya ofisi, ambayo kwa London ni kichwa cha chui. Chui huyo yumo katika sheria ya mwaka 1300. Herufi ya mwaka ni hiari tangu 1999, na wengi wanaiacha. Kwa maoni yetu iombe. Mzunguko mpya umeanza na A mwaka 2025, na mnunuzi wa miaka 40 ijayo atajua kwa mtazamo mmoja kitu kilipimwa na kugongwa mhuri lini.

Je, ule utamaduni wote wa chama unamsaidia nini mteja? Jengo lenyewe, lililokamilika 1835 kwenye Foster Lane, lina kumbi za karamu zinazoweza kumfanya fundi mwenye suruali ya karakana ajione amepotea njia. Uanachama bado unapatikana kwa njia tatu: kumaliza uanagenzi, kulipia baada ya kukubaliwa, au kuzaliwa na mwanachama. Hiyo ya tatu hatuoni inamfaa nani zaidi ya mzaliwa. Ya kwanza ina uzito wa kweli: mwanagenzi anafungwa kwa mkataba mbele ya wasimamizi wa chama, anakaa chini ya fundi mmoja kwa miaka, na mwishoni anatengeneza kazi ya kuonyesha umahiri wake. Karakana ndogo za London zingekosa warithi bila mpango huo, na chama kinaugharimia.

Jambo jingine lenye faida ni Jaribio la Pyx, linalofanyika katika jengo hilo kila mwaka. Sarafu zilizochukuliwa katika kiwanda cha sarafu cha serikali hupimwa mbele ya baraza la wanachama wa chama, chini ya ofisa wa mahakama. Rekodi ya kwanza inayojulikana ni ya 1282. Mwaka 1710 sarafu za dhahabu za Isaac Newton, wakati huo mkuu wa kiwanda cha sarafu, zilitajwa kuwa pungufu. Newton akabisha, akaonyesha kwamba kipande cha dhahabu cha kulinganishia, kilichotengenezwa 1707, ndicho kilichozidi usafi. Alikuwa na haki. Chama kinachopima pesa za serikali hakina sababu ya kumpendelea sonara wa mtaani, na hilo ndilo mteja analolipia.

Familia za Waswahili zinazoishi Uingereza zina swali lao: bangili za karati 22 kutoka Dubai au Muscat, zenye chapa ya 916 au 22. Kuzivaa, kuzirithisha na kumpa bi harusi hakuhitaji kibali cha mtu. Sheria inamgusa anayeuza kibiashara. Duka la London likizinunua ili liziuze tena, chapa ya muuzaji wa kule haitoshi. Zitapimwa upya, na bei utakayopewa inaweza kuhesabu gharama hiyo. Sonara wa Mombasa au Unguja huaminiwa kwa jina lake na la baba yake. Uingereza jina hilo halimfikishi mbali bila chui au nanga ya Birmingham pembeni. Anayetaka mhuri kwa bangili zake mwenyewe, njia nyepesi ni kupitia sonara aliyesajiliwa, ziingie katika kifurushi chake.

Mhuri hausemi lolote kuhusu mawe, ubora wa ufundi wala bei. Na hauvumilii kuguswa ovyo: pete ya karati 18 yenye mhuri ikipanuliwa kwa kipande cha karati 9, fundi amevunja sheria na mwenye pete anabaki na alama inayodanganya. Ukipeleka pete yako kupanuliwa, taja karati ya kipande kitakachoongezwa, na uhakikishe imeandikwa kwenye risiti.