Wakili wa Magomeni aliyetusaidia kusimamia mali za baba

Nyota nne kati ya tano. Ofisi iko Magomeni Mapipa, Dar es Salaam, ghorofa ya tatu, na jina silitaji kwa sababu wakili mwenyewe ameniomba nisimtangaze. Naandika kwa ajili ya familia zenye mzee aliye hai lakini akili haiko sawasawa. Tuko wengi, na wengi tunazungushwa.

Baba yangu alikuwa karani bandarini. Alipata kiharusi, miguu ikapona, kumbukumbu ikaanza kupotea kidogo kidogo. Nyumba yake ya Temeke ina wapangaji, pensheni inaingia benki, namba ya siri ya kadi haikumbuki tena. Kuna mtu mjini alituandalia hati ya uwakilishi, yaani ya baba kumruhusu mtu mwingine amshughulikie mambo yake, akachukua hela, akasema mzee aweke dole gumba basi. Benki walipomwona baba na kuongea naye, wakaikataa.

Wakili wa Magomeni aliisoma ile hati na kabla hajataja malipo yoyote akatuambia kwamba benki walikuwa sahihi. Sheria ya Mikataba inataka anayeingia makubaliano awe anayaelewa na aweze kupima yatamletea nini. Akaongeza jambo ambalo hakuna aliyewahi kutuambia: hata kama baba angesaini zamani akiwa mzima kabisa, mamlaka ya mwakilishi yanakoma pale aliyeyatoa anapopoteza akili timamu. Mdogo wangu anayeishi Leicester alikuwa kwenye simu, akabisha kwamba huko watu wanaandikishana mapema na hati inaendelea kufanya kazi. Wakili hakumpuuza. Alimwambia ni kweli, England na Wales wana sheria ya mwaka 2005 inayomruhusu mtu mwenye akili zake amteue wa kumwamulia baadaye, na hati hiyo lazima isajiliwe ndipo itumike. Kwetu Tanzania, mzee akishafika hali ya baba, njia ni kwenda mahakamani chini ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 na kuomba ateuliwe mtu wa kusimamia mali zake.

Lakini kilichonifanya niwape nyota nne si hayo maelezo. Ni kwamba alikuja nyumbani kumsikiliza baba.

Tulimweleza kwamba asubuhi mzee huwa yuko vizuri, ila ikishafika alasiri anaanza kuwaulizia watu waliokwishafariki. Akaja saa mbili asubuhi. "Shikamoo mzee wangu." Baba akaitikia, "Marahaba, karibu mwanangu." Wakili akatuomba watoto wote tutoke sebuleni, akabaki shangazi peke yake. Wakakaa humo mpaka chai ikapoa. Alipotoka alikuwa ameandika anayoyataka baba: nyumba isiuzwe, yule mjane wa chumba cha uani asipandishiwe kodi, na hela ya kahawa ya kijiweni apewe mkononi kila siku aende kulipa mwenyewe. Yote hayo aliyaingiza kwenye hati ya kiapo, pamoja na hilo la kahawa. Kwenye familia nyingi ninazozijua, mzee akianza kusahau anageuka kuwa kitu cha kujadiliwa huku amekaa hapohapo. Baba hajui leo ni Jumanne au Ijumaa, lakini anajua nyumba yake aliijengaje na nani alimsaidia alipougua. Na sheria haisemi mtu akiugua akili basi hana tena neno. Ile ile ya mikataba inatambua kwamba anayeumwa akili anaweza kuwa na vipindi vya utulivu, na ndani ya vipindi hivyo anaweza kuamua.

Kikao cha ukoo kilikuwa kigumu. Kaka mkubwa alikuja na karatasi ya kugawana vyumba. Wakili alimwambia kwa adabu, "Kaka, mirathi ni ya marehemu, na mzee huyu hapa anatusikia." Akafafanua kwamba atakayeteuliwa hapati fungu lolote, anakusanya kodi, analipa dawa na anatunza risiti. Kaka alinyamaza, na mwisho alisaini muhtasari kama wengine. Mimi nikapendekezwa.

Mahakama Kuu walitaka ripoti ya daktari bingwa wa magonjwa ya akili, na jaji alimwita baba mbele akaongea naye taratibu kabla ya kuamua lolote. Nilishukuru sana kwa hilo. Amri tuliyopewa ina mipaka: nashughulikia kodi, pensheni na matibabu. Kuuza au kuweka rehani siruhusiwi mpaka nirudi kuomba kibali, na hesabu nazipeleka mahakamani.

Nyota moja nimeiondoa kwa sababu za msingi. Hati zote walituandalia kwa Kiingereza. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama, na shangazi yangu, mtu mzima aliyelea ukoo mzima, alikuwa anatakiwa kusaini kitu asichoweza kukisoma. Nilipogoma walitafsiri siku ya pili yake, na walitafsiri vizuri. Kwa nini wasianze hivyo? Pili, hawakutuambia mapema kwamba gharama ya ripoti ya daktari iko nje ya malipo yao na kwamba inachukua muda wake, kwa hiyo tukapoteza wiki kadhaa tukidhani kila kitu kinaendelea. Lifti hakuna, ngazi ni nyembamba. Usimpandishe mgonjwa, waombe waje nyumbani, watakuja.

Malipo tulilipa kwa awamu na kila awamu tulipewa risiti ya mashine. Ushauri wa mara ya kwanza ulikuwa 50,000/=. Ukienda kwa wakili yeyote kwa suala kama hili, beba cheti cha hospitali, nyaraka za nyumba, taarifa ya benki na namba za simu za ndugu wote, hata wale msioelewana, maana atataka kuwasikia. Na muulize swali moja kabla hujalipa: utakuja lini kumwona mzee?