Nilibadilisha feni za seva ya nyumbani, kandambili ikamalizia kazi

Mama mkwe alipokuja kutusalimia kutoka Handeni, tulimlaza kwenye chumba kidogo ninachokiita ofisi. Asubuhi nikamwamkia, "Shikamoo mama, umeamkaje?" Akaitikia marahaba, kisha akauliza, "Baba Nuru, hivi nyuma ya ukuta huu kuna mashine?" Alimaanisha mashine ya kusaga. Usiku kucha alisikia mngurumo, akashangaa ni nani hapa Tabata anasaga mahindi saa nane za usiku.

Ilikuwa seva yangu, yaani kompyuta ya kuhifadhia mafaili, boksi jeusi la diski nne lililokaa juu ya kabati, hatua mbili kutoka kitandani. Napiga video za harusi na sendofu, na shughuli moja tu hunijazia gigabaiti 200 mpaka 300. Maharusi wengine hurudi baada ya mwaka kuomba nakala, kwa hiyo sifuti kitu. Boksi nililinunua mwaka 2020. Mwanzoni lilikuwa linavuma tu, sauti ambayo ukikaa nayo siku tatu huisikii tena. Baada ya miaka minne ya vumbi na hewa ya chumvi, feni moja kati ya mbili za nyuma ikaanza kukwaruza. Mke wangu alishalalamika mara nyingi. Aliposema mama yake, ndipo nikatafuta bisibisi.

Kwanza nilisafisha. Brashi mpya ya kupakia rangi, ile ndogo ya inchi moja, inatosha. Ila shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke wakati unayapangusa. Vumbi lililotoka lingetosha kujaza kiganja. Joto likashuka kidogo, mkwaruzo ukabaki pale pale. Beringi ikishalika, hakuna brashi itakayoiponya.

Nikaagiza Noctua NF-A9 PWM, feni ya Austria ya milimita 92, unene 25, kipimo kile kile cha zile za kiwandani. Ina waranti ya miaka 6, na kwa kasi yake ya juu kabisa, mizunguko 2,000 kwa dakika, kampuni inaiandikia kelele ya desibeli 22.8. Rangi yake ni ya maziwa na kahawia, kama sare ya shule ya zamani. Kwa kuwa inakaa nyuma ya kabati sikujali, lakini mtu mwenye boksi la kioo ajiandae kisaikolojia.

Hapa nilifanya ubahili ulionigharimu wiki tatu: niliagiza moja tu. Niliona ile inayokwaruza ndiyo mkosaji, nyingine iachwe. Nikaifunga, nikawasha, nikakaa kusikiliza. Mkwaruzo ulikwisha, lakini mngurumo ulikuwa karibu ule ule. Nilidhani nimeuziwa bandia. Kumbe sauti hazijumlishwi kama fedha. Vitu viwili vinavyolia sawasawa, ukikizima kimoja kabisa, unapunguza desibeli 3 tu, na sikio linaona kama hujafanya kitu. Nikaagiza ya pili. Zote mbili pamoja na usafiri zilinigharimu kama shilingi laki moja na elfu thelathini. Kwa feni, ni bei ya kuumiza.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya nusu saa kwa mtu asiye fundi. Zima seva kwa utaratibu, chomoa waya wa umeme ukutani, fungua skrubu za nyuma, chomoa plagi ndogo ya feni kwenye bodi. Plagi ya boksi langu ni ya kawaida ya pini nne, na ule waya wa nne ndio unaoiambia feni izunguke kwa kasi gani. Angalia yako kabla ya kulipa, maana baadhi ya maboksi yana pini tatu, na mengine yana plagi ya kipekee isiyoingiliana na feni ya dukani. Nilizipenda zaidi pini za mpira zinazokuja ndani ya pakiti badala ya skrubu. Unazivuta kupitia matundu mpaka zikamate, kisha unakata mkia kwa mkasi. Feni inaning'inia kwenye mpira, haigusi bati, kwa hiyo mtetemo wake hauingii kwenye boksi. Vidole vitauma kidogo.

Feni ya pili niliifunga kinyume. Moja inatoa hewa, nyingine inaingiza, zinazungushiana joto lile lile. Niligundua kwa kipande cha karatasi ya chooni: upande mmoja kilipeperuka, upande wa pili kikanata kwenye matundu. Kumbuka tu kwamba hewa hutokea upande wenye ile mikono inayoshikilia mota katikati.

Kuna jambo lilinipotezea usiku mzima. Ndani ya pakiti kuna kijiwaya cha kupunguzia kasi, ambacho kinashusha kilele kutoka mizunguko 2,000 hadi 1,550. Tamaa ikanishika, nikavifunga kwenye feni zote mbili. Seva ikawaka, ikatulia kama maji mtungini, na baada ya dakika mbili ikaanza kulia pii, pii, pii, huku taa ya rangi ya chungwa ikimweka: feni imesimama. Feni zilikuwa zinazunguka naziona kwa macho! Boksi tayari lilikuwa limeamuru kasi ndogo, kijiwaya kikapunguza tena, na kasi iliyobaki ikawa chini ya kile ambacho boksi linakihesabu kuwa uzima. Nikavitoa vijiwaya, nikaingia kwenye mipangilio na kuchagua hali ya utulivu, likanyamaza. Ushauri wangu: vijiwaya hivyo viache kwenye pakiti, na kasi ipangwe na seva yenyewe.

Nilipima kwa programu ya desibeli ya kwenye simu. Haiaminiki kwa namba kamili, lakini kwa kulinganisha, simu ile ile ikiwa juu ya mto ule ule, inafaa. Kabla ilisoma 43. Baada ya feni zote mbili ikasoma 37. Joto la diski, chumba kikiwa nyuzi 31 mwezi Februari, lilipanda kutoka 43 hadi 46 kwa sababu ya ile hali ya utulivu. Watu huogopa namba hizo. Watengenezaji wengi wa diski za seva huandika kikomo cha nyuzi 60 au 65, na mwaka 2007 watafiti wa Google waliofuatilia diski zaidi ya 100,000 hawakuona kwamba joto la kawaida linaziua kama tulivyoaminishwa. Tofauti ilianza kuonekana kwenye joto la juu sana. Mimi nimeweka tahadhari inipigie kelele ikifika 52, nalala.

Lakini ule mngurumo wa chini, ule wa mashine ya kusaga, ulikuwa bado upo. Nikashusha feni mpaka kasi ya chini kabisa kwa dakika moja tu, nikaweka mkono juu ya kabati. Mbao ilikuwa inatetemeka. Diski zangu huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kila sekunde, na kabati tupu lilikuwa linafanya kazi ya ngoma. Jaribio hilo la dakika moja ningelifanya kabla ya kuagiza chochote, ningejua mapema kwamba nusu ya kelele haikuwa ya feni.

Nikachukua kandambili kuukuu ya Nuru, nikaikata vipande vinne, nikaviweka chini ya boksi, kimoja kila pembe. Simu ikasoma 33. Mpira wa kandambili ya shilingi elfu mbili ulipunguza desibeli 4, feni za laki na ushee zilipunguza 6. Hesabu hiyo sijamwonyesha mke wangu.

Kilichobaki ni vichwa vya diski kugongagonga vinapoandika, na hapo feni haina la kusema. Kazi ya kunakili na ya kukagua diski, iliyokuwa imepangwa saa nane usiku, nimeihamishia saa nne asubuhi wakati hakuna mtu chumbani.

Noctua naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya bei, na kwa kijiwaya kile ambacho karatasi yake haikuniambia kingegombana na seva. Feni ya zamani iliyokuwa nzima nimeiweka akiba. Ile inayokwaruza Nuru ameichukua, ameifunga kwenye betri ya volti 9, anajipepea nayo kitandani. Inakwaruza vilevile. Nimemwambia ikifika saa tatu usiku anaichomoa.