Zana za Kuvulia kwa Burudani Mwanza: Ipi Inunuliwe Kwanza kwa Mtumbwi Mdogo

Mkazi wa Mwanza mwenye mtumbwi mdogo, au anayeazima wa jirani siku ya mapumziko, huzikuta madukani zana nyingi kuliko anazozihitaji: mishipi ya kila unene, fimbo za rangi zote, ndoano za kila namba, na mtandaoni hata mitego ya kukunja ya kunasia kaa. Mwongozo huu unazipanga zana hizo kwa ajili ya mvuvi wa burudani, yaani mtu anayetaka kitoweo na mapumziko, si yule anayepeleka samaki kuuza soko la Mwaloni, Kirumba. Kigezo kilichotumika zaidi ni mawe. Majabali yale yale yanayoonekana juu ya maji karibu na mji yanaendelea chini ya maji, na hunasa au kusaga karibu kila kinachoshushwa, kwa hiyo zana bora ni ile inayostahimili msuguano na ambayo ikipotea haimtii mwenyewe hasara kubwa.

Nafasi ya kwanza inakwenda kwa mshipi wa mkono: uzi wa nailoni wa nyuzi moja, uliozungushwa kwenye kibao au chupa, wenye chubwi ya risasi (kizito cha kuuzamisha) na ndoano moja au mbili. Ni zana ya bei ndogo kuliko nyingine zote zenye kuaminika, haichukui nafasi mtumbwini, na mvuvi anausikia mguso wa samaki moja kwa moja kidoleni. Wanunuzi wengi huchagua unene kwa kufikiria uzito wa samaki peke yake. Uzi wa milimita 0.60 ulio mzima hubeba takriban kilo 20, na huo ni uwezo wa kutosha kwa samaki wengi watakaopatikana karibu na ufuko. Lakini sangara akivuta kwa ghafla, uzi mwembamba hukata vidole kabla haujakatika wenyewe. Kwa sababu hiyo mshipi wa sangara uwe wa milimita 0.80 au zaidi, na wa sato unaweza kuwa 0.40. Uzi wa kusuka, ambao muuzaji atausifu kwa nguvu zake, haufai hapa: ni mwembamba mno kwa mkono mtupu, na ukisuguliwa kwenye jabali huchanika upesi kuliko nailoni.

Ununuzi wa uzi unahitaji uangalifu kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa jua huidhoofisha nailoni. Kigurudumu cha uzi kilichoning'inizwa mlangoni mwa duka kwa miezi mingi kinaweza kuonekana kipya huku uzi wake umekwisha nguvu. Omba kilichohifadhiwa ndani ya boksi. Vuta kama mita moja, ipitishe taratibu kati ya kucha na kidole, na kama kuna sehemu yenye kukwaruza au iliyopauka kama chaki, kirudishe. Kisha funga fundo, lilowanishe kwa mate na ulikaze kwa nguvu. Uzi mzuri hautakatika kwa urahisi kwenye fundo.

Ndoano ndizo zinazostahili fedha iliyobaki. Katika mfumo wa kawaida, namba inavyopungua ndivyo ndoano inavyokuwa kubwa, mpaka 1, kisha hesabu inageuka kuwa 1/0, 2/0 na kuendelea kukua. Kwa sato anayekula nyungunyungu, ndoano ndogo ya namba 6 au 8 inatosha; kwa sangara anayetegwa kwa furu, samaki wadogo wa ziwani, anza na 3/0 na kupanda. Hata hivyo viwanda havilingani, hivyo tazama upana wa mdomo wa ndoano yenyewe kuliko namba iliyoandikwa kwenye pakiti. Iburuze ncha juu ya ukucha bila kuikandamiza: ikikwama ni kali, ikiteleza ni butu. Sangara ana meno madogo yanayosaga kama msasa pamoja na mfuniko mkali wa matamvua, kwa hiyo kipande cha uzi kinachoshika ndoano yake kiwe kinene kuliko mshipi mzima.

Nafasi ya pili ni fimbo yenye rili, yaani kifaa cha kukunjia uzi kwa mkono. Inafurahisha, na breki ya rili humchosha sangara mkubwa bila kumuumiza mvuvi mikono, lakini inafaa kununuliwa baada ya mtu kuujua mshipi wa mkono. Chagua fimbo ya mita 1.8 hadi 2.1, kwa kuwa ndefu zaidi husumbua ukiwa umeketi mtumbwini, na kusimama ndani ya mtumbwi mwembamba ni kutafuta ajali. Mwenye fedha ya rili na bado hana jaketi okozi anunue jaketi kwanza.

Ufito wa mwanzi wenye uzi mfupi unashika nafasi ya tatu. Unafaa kwa furu na sato wadogo kando ya mawe, basi.

Mtego wa kaa unakuwa wa mwisho, ingawa si mbovu. Umetengenezwa kwa ajili ya kaa wa baharini, na kwa kaa koko wa mikoko ya Tanga au Rufiji ungepata kazi ya maana. Kaa wa Ziwa Victoria ni wa maji baridi na ni mdogo; hatakulipa gharama ya kamba ya mtego, sembuse mtego wenyewe.

Nyavu hazimo katika orodha hii. Nyavu za timba (zinazofumwa kwa nailoni ya nyuzi moja) na kokoro (wavu wa kukokota hadi ufukoni) zimepigwa marufuku ziwani, na mpenda burudani hana sababu ya kujiingiza katika mgogoro huo. Marufuku ya timba inahusu nyavu. Haiugusi mshipi wa nailoni. Habari za leseni ya uvuvi ziulizwe kwa afisa uvuvi wa halmashauri kabla ya kuingia majini. Katika mfuko wa zana weka pia tepu ya fundi cherehani, kwa kuwa sangara aliye chini ya sentimita 50 na sato aliye chini ya sentimita 25 hawaruhusiwi kuvuliwa, na macho hukadiria vibaya samaki akiwa bado anarukaruka.