Dagaa wa Feri, Mtwara, kwa kinga ya mbwa: namna ya kuwachagua, kuwatoa chumvi na kuwapika

Dagaa wakavu wanaouzwa Feri, soko la samaki la Mtwara, na kwenye meza za soko kuu, ndicho chakula bora cha kujenga kinga ya mbwa ambacho mfugaji wa huku anaweza kukipata bila kuagiza kitu Dar es Salaam. Tunawapa alama nne kati ya tano. Alama moja imepotea kwa sababu ya chumvi na mchanga, na vyote viwili vinaondoka ukijua la kufanya. Usipojua, bora uendelee na mabaki ya mezani, maana dagaa wabaya juu ya ugali wa pumba humdhoofisha mbwa yule yule unayetaka kumpa nguvu.

Kingamwili zinazopambana na maradhi ni protini. Seli nyeupe za damu nazo hufa na kuzaliwa upya muda wote, na malighafi yake hutoka kwenye bakuli la chakula. Mbwa wengi wa huku, wawe wa kulinda nyumba Shangani au wa kufukuza ngedere na nguruwe pori kwenye mikorosho ya Nanyamba, hulishwa ugali na mifupa. Shibe wanaipata, protini hawaipati. Manyoya hupauka, kidonda kidogo hukaa wiki tatu hakijafunga, na minyoo ikiingia haina wa kuizuia. Dagaa mkavu ana protini zaidi ya nusu ya uzito wake, na kwa kuwa huliwa mzima, mbwa hupata pia kalsiamu ya mifupa, iodini, seleniamu, vitamini D na mafuta ya omega-3 ambayo hutuliza miwasho ya ngozi. Hiyo vitamini D ina uzito wake: mbwa hawezi kujitengenezea ya kutosha kwa kuota jua, hata hili jua letu la Mtwara. Lazima aile.

Tuanze sokoni. Dagaa wa pwani yetu kwa kawaida huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Kuchemshwa kuna faida, kwa sababu moto huharibu kimeng'enya kilichomo kwenye baadhi ya samaki wabichi kinachovunja vitamini B1. Hasara yake ni chumvi. Baada ya hapo kila kitu kinategemea walipoanikwa. Wa chanja, yaani waliotandazwa juu ya nyavu zilizoinuliwa kutoka chini, hukauka pande zote na hawana mchanga. Wa chini hubeba mchanga, kinyesi cha kuku na unyevu wa usiku.

Chukua dagaa mmoja mkononi. Mzuri anang'aa fedha, mgongo una ubuluu kidogo, na ukimkunja anavunjika kwa mlio. Akijikunja kama kamba bila kuvunjika, ana maji ndani na ukungu uko njiani. Tazama tumbo: likiwa na rangi ya kutu au manjano ya mafuta, mafuta yake yameshachacha. Mafuta yaliyochacha humaliza vitamini E mwilini, na vitamini E ni miongoni mwa walinzi wakubwa wa seli za kinga, kwa hiyo dagaa wa namna hiyo anachukua zaidi ya anachotoa. Harufu ni ya samaki mkavu, isikwaruze koo. Mwisho omba konzi moja, tumbukiza kwenye kopo la maji, koroga, subiri dakika mbili, mimina maji taratibu. Mchanga utakaobaki chini utakuambia walianikwa wapi vizuri kuliko maneno ya mchuuzi yeyote.

Bei haikai mahali pamoja. Dagaa huvuliwa kwa taa, kwa hiyo giza la mwezi ndilo huleta mzigo, na mbalamwezi hupandisha bei. Nunua wa kutosha mwezi mmoja wakati wa giza. Kuanzia Desemba hadi Aprili mvua huharibu uanikaji, na hapo ndipo dagaa wenye ukungu hujaa mezani. Mtu mwenye akiba nzuri ya Oktoba na Novemba, iliyowekwa kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, juu ya ubao na mbali na sakafu, hatalazimika kuwanunua hao. Waanike tena juani saa tatu au nne kabla ya kuwafungia.

Ng'onda, yaani samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi nyingi na kukaushwa, tuseme wazi: usimpe mbwa. Ile chumvi imekusudiwa kumhifadhi samaki kwa miezi, na kuloweka mara mbili hakuitoi yote.

Sasa kipimo. Hesabu hii ni ya mbwa mzima wa kilo 15, ambao ni uzito wa kawaida wa mbwa wetu wa kienyeji, mwenye afya na asiye na kazi nzito. Anahitaji takriban kalori 850 kwa siku. Gramu 60 za dagaa wakavu, gramu 130 za unga wa sembe, yai moja, kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya alizeti, na kiganja cha boga, karoti au matembele yaliyokatwakatwa. Mara mbili kwa wiki ongeza gramu 30 za maini. Mbwa wa kilo 10 apewe robo tatu ya hivyo, wa kilo 20 aongezewe robo. Kama huna mizani nyumbani, mwombe muuza duka akupimie gramu 60 za dagaa, uziweke kwenye kikombe cha plastiki na upige mstari kwa wino. Konzi za watu hazilingani, na kwenye kalsiamu kuzidisha ni kosa kama kupunguza.

Kupika si kazi. Loweka dagaa kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu kwa nusu saa, mwaga, rudia mara ya pili kwa maji mapya, halafu onja mmoja. Ukisikia chumvi bado, loweka mara ya tatu. Wachemshe dakika 20, waponde kwenye kinu au kwa mwiko, kisha songa sembe humo humo kwenye supu yao hadi iive kabisa, maana unga mbichi humharisha. Mboga ziingie dakika kumi za mwisho. Yai lipikwe, kwa sababu ute mbichi hufunga vitamini iitwayo biotini. Mafuta ya alizeti yawekwe baada ya kuepua, chakula kikiwa vuguvugu, ili vitamini E yake isiungue. Usitie kitunguu, usitie kiungo chochote. Gawa mara mbili, asubuhi na jioni, na kilichobaki kwenye bakuli baada ya saa moja kimwagwe, kwa joto la hapa kinachacha mapema. Wenye friji wanaweza kupika cha siku tatu. Nyumba nyingi za huku zinamtengea mbwa sufuria na mwiko wake, na utaratibu huo unafaa kwa kila hali.

Tumesema sembe, na tunajua wengi watauliza kwa nini si dona wala pumba, ambavyo ni rahisi zaidi. Sababu ya kwanza ni sumukuvu. Hii ni sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu, haionekani kwa macho, na kupika hakuiondoi. Sehemu kubwa yake hukaa kwenye ganda na kiini, yaani kile kile kinachotoka kinuni kama pumba. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi sana. Sumu hiyo hula ini, na kabla ini halijafa huwa tayari imeshusha kinga, kiasi kwamba hata chanjo inaweza isimkae vizuri. Marekani, ambako kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwenye chakula cha mbwa ni sehemu 20 kwa bilioni, mbwa zaidi ya 110 waliripotiwa kufa mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 baada ya kula chakula cha kiwandani kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Kama kiwanda chenye maabara kilipitiwa, gunia la pumba lililokaa stoo tangu masika lina nini ndani yake? Makopa ya muhogo yaliyoota weusi nayo yaache. Muhogo mtamu, uliomenywa na kuchemshwa vizuri, unaweza kushika nafasi ya sembe siku mojamoja. Ule mchungu una sumu yake nyingine.

Sababu ya pili inahusu madini ya zinki, na hapa ndipo mapishi mengi ya nyumbani yanapofeli. Seli za kinga haziwezi kuongezeka bila zinki, na ngozi nayo ambayo ni ukuta wa kwanza wa mwili huihitaji sana. Ganda la nafaka lina fitati inayoishika zinki isinyonywe, na kalsiamu nyingi ya mifupa ya dagaa huzidisha kizuizi hicho. Kwa hiyo dona nyingi pamoja na dagaa wengi huweza kumpa mbwa upungufu wa zinki huku bakuli limejaa. Dalili zake ni magamba makavu yanayoganda kuzunguka macho, midomo na masikio, nyayo kuwa ngumu na kupasuka, manyoya kunyonyoka. Watu huzipaka dawa ya upele miezi mitatu bila nafuu. Kipimo tulichotoa hapo juu hakiondoi tatizo hili lote, kwa sababu dagaa peke yao hawatoshelezi zinki. Siku mbili au tatu kwa wiki weka nyama nyekundu isiyo na mafuta, gramu 150, badala ya dagaa wa siku hiyo. Magamba yakishatokea, mwone daktari wa mifugo akupe vidonge kwa uzito wa mbwa, kwani zinki ikizidi hupasua chembe nyekundu za damu.

Maini nayo yana mpaka. Gramu 30 mara mbili kwa wiki humpa vitamini A na shaba ya kutosha, bali maini ya kila siku hujaza vitamini A hadi mifupa ya shingo na viungo kuota na kuuma. Kwa sababu hiyo hiyo usithubutu kumpa sifa, yale mafuta ya ini la papa yanayopakwa vyombo. Baadhi ya watu huyaita mafuta ya samaki na kuyachanganya kwenye chakula. Yana vitamini A nyingi kupita kiasi, na yamekaa juani hadi yakachacha.

Kuhusu vinavyouzwa kwa jina la "kinga": unga wa mlonge hauna madhara kwa kiasi kidogo, lakini hauna la ziada ambalo matembele na yai hayajatoa. Vitunguu saumu ni hatari, huharibu chembe nyekundu za damu, na anayeshauri punje kila siku anakuharibia mbwa. Vidonge vya vitamini C havihitajiki, mbwa mzima hujitengenezea mwenyewe kwenye ini. Korosho zilizokaangwa si sumu, ila mafuta yake mengi yanaweza kuvimbisha kongosho, na ganda la korosho ghafi lina mafuta yanayochoma ngozi na mdomo. Wenye maghala wawafunge mbwa msimu wa kuvuna.

Chakula kikavu cha mfuko, kile cha kiwandani, ni kizuri kikiwa kwenye mfuko wake, chenye tarehe na maelezo kwamba ni mlo kamili kwa umri wa mbwa wako. Mbwa wa kilo 15 hutumia takriban gramu 250 kwa siku. Tatizo ni kile cha kupima kwa kilo kutoka kwenye gunia lililoachwa wazi dukani. Hujui lilifunguliwa lini, na hewa yetu yenye joto na chumvi ya bahari huchachisha mafuta na kuua vitamini A na E haraka. Ukifungua wako, ufunge vizuri na uumalize ndani ya wiki nne hadi sita.

Mabadiliko yaende polepole kwa siku saba hadi kumi: robo ya chakula kipya, kisha nusu, kisha robo tatu. Sehemu kubwa ya seli za kinga iko kwenye utumbo, na kuushtua ni kuanza vibaya. Manyoya na ngozi vipe wiki sita hadi nane kabla ya kuhukumu. Choo kiwe kigumu kiasi, kiokoteke. Ukimpapasa mbavu uzihisi bila kuzitafuta, ila zisionekane ukiwa mbali.

Hakuna bakuli linalozuia kichaa cha mbwa. Lindi na Mtwara zilikuwamo kwenye kampeni kubwa za kuchanja mbwa kusini mwa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2010, na kazi hiyo haina mwisho: chanjo ianze akiwa na miezi mitatu, irudiwe kila mwaka. Dawa ya minyoo kila miezi mitatu kwa mbwa mzima, vinginevyo dagaa wako unawalisha minyoo. Kupe waondolewe, kwani homa wanayoleta hushambulia seli nyeupe zenyewe.

Watoto wa mbwa walio chini ya mwaka hawafai kupikiwa kipimo hiki, kwa sababu uwiano wa kalsiamu na fosforasi kwa mifupa inayokua unahitaji usahihi ambao dagaa wa kukadiria hawautoi. Hao wanunulie mfuko wa watoto. Mbwa mzee anayekunywa maji mengi na kukojoa sana apimwe figo kwanza. Dagaa wana fosforasi nyingi, na figo iliyochoka haiiwezi.