Nimetoa lipoma ya mgongoni, ya mkononi nimeiacha: huduma niliyopata sehemu mbili

Naandika hii kwa sababu nilivyokuwa nauliza uliza habari za kutoa lipoma, yaani uvimbe wa mafuta chini ya ngozi, nilikutana na watu wa aina mbili tu, wanaosema toa haraka hiyo ni kansa inakuja na wanaosema usiguse kabisa, kisu kikipita tu ndo inageuka kansa, na mimi nimekaa miaka sita katikati ya hayo maneno.

Nilikuwa nazo mbili. Ya mgongoni ilikuwa juu karibu na bega la kushoto, palepale mkanda wa sidiria unapopita, ilianza kama punje ya haragwe ikaja kufika kama limao. Nyingine iko mkononi, ndogo, ukiibonyeza inateleza chini ya ngozi, haiumi wala nini.

Sehemu ya kwanza ni zahanati ya binafsi, jina nitaliacha. Daktari kabonyeza mara moja akasema tunatoa zote mbili leo leo, kalipe dirishani laki nne. Hajauliza zimeanza lini, hajapima chochote, nikamuuliza kikishatoka kinaenda maabara? akasema ni mafuta tu hayo. Nikabeba mkoba wangu nikaondoka. Nawapa nyota moja, ya usafi.

Ya pili ni kliniki ya upasuaji ya hospitali ya serikali, na hapa mjiandae na foleni jamani, nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi nimeingia kwa daktari saa tano. Ila huyo dokta, mama wa makamo, sijui nimshukuruje. Kwanza maswali, imeanza lini, inakua haraka au taratibu, inauma, kwenu kuna mwingine mwenye nazo (mama yangu anazo tatu, akasema wakati mwingine inaenda kiukoo). Akachukua rula akapima, mgongoni sentimita 4, mkononi moja na nusu. Akanieleza kinachomtia yeye wasiwasi: ikizidi sentimita 5, ikikua ghafla, ikiwa ngumu, ikiwa imegandia haisogei, ikiwa ndani kabisa chini ya msuli, au inauma. Hapo huendi thieta kwanza, unaenda kupigwa picha za ndani, altrasaundi au MRI, na wanaweza kuchukua kinyama wakapime, maana ipo kansa ya mafuta, adimu, ila kwa nje inaweza kufanana. Yangu haikuwa na hata dalili moja na bado alinipiga altrasaundi ajiridhishe. Na hii ya kwamba kisu kinaigeuza kuwa kansa akasema siyo kweli.

Halafu akaniambia, "Dada, hii ukitaka unazeeka nayo. Sasa niambie, inakusumbua nini?"

Hilo swali miaka sita hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia ukweli, mkanda unanisugua mpaka ngozi inachubuka, na mwanangu nikimbeba mgongoni kwa kanga kichwa chake kinalalia palepale, tukifika sokoni bega zima linauma. Ya mkononi je? Nikafikiria, sikupata jibu. Akasema basi ya mkononi tuiache.

Kitu kingine ambacho sitasahau, alinishika masikio akaangalia nilipotobolewa, akapandisha mkono wa blauzi akapitisha kidole kwenye kovu la chanjo ya utotoni. Kumbe anaangalia ngozi yangu inaponaje, maana sisi wenye ngozi nyeusi tunapata zaidi haya makovu yanayovimba, na kifua, mabega na mgongo wa juu ndo sehemu zake. Yangu yamelala, lakini dada yangu wa damu ana uvimbe wa kovu sikioni kama zabibu, nikamwambia. Akasema basi hapo sikuahidi kitu, nenda kafikirie wiki mbili, uvimbe haukimbii. Nikaenda, nikafikiria, nikarudi.

Upasuaji wenyewe haukuwa na kazi kubwa. Sindano ya ganzi inauma kama siafu watatu wanne kwa pamoja, baada ya hapo unasikia tu unavutwa vutwa, kama dakika 35 hivi. Akanionyesha, ni njano kama mafuta ya kuku ndani ya kimfuko chembamba, akasema kimfuko kimetoka chote, kikibaki ndo inaweza kurudi. Kikaenda maabara kwenye kichupa, majibu yakaja lipoma ya kawaida. Pamoja na altrasaundi na maabara nililipa laki na sabini.

Sasa lawama, na hii naisema kwa uchungu kwa sababu nililia. Siku ya tano pakavimba tena, laini vilevile, nikajua imerudi. Namba waliyoniandikia kwenye karatasi inaita haipokelewi, usiku mzima sijalala, asubuhi nimeenda nesi akavuta maji na sindano akasema haya huwa yanajaa pale uvimbe ulipokuwa, ni kawaida. Kama ni kawaida si mngeniambia kabla sijatoka? Karatasi ya maelezo ingeandikwa mstari mmoja tu. Nyota nne, ya tano imebaki hapo.

Nyuzi zilitolewa siku ya 12. Leo ni mwezi wa nane tangu nitolewe, kovu ni mstari wa urefu wa kidole, limelala, usiku linawasha kidogo na dokta alinisisitiza likianza kunyanyuka nirudi mapema, kuna sindano za kulituliza. Mtoto namfunga kanga vizuri tu. Ya mkononi naipima mwenyewe kwa rula ya shule ya binti yangu, juzi bado moja na nusu.