Huduma ya majitaka Kampala: bei ikipanda, mabomba kwanza

Mtambo mpya wa Bugolobi ni kazi nzuri: umejengwa kusafisha mita za ujazo 45,000 za majitaka kwa siku. Udhaifu uko kwenye mabomba yanayoupelekea majitaka. Bomba la zege huliwa kuanzia juu, kwani gesi ya majitaka hugeuka asidi kwenye dari lake. Likitoboka, udongo huingia na barabara hutitia. Hapo kuzibua hakusaidii, kipande kibadilishwe. Nyongeza ya bei ya huduma hii tunaiunga mkono ikienda kwenye mabomba hayo, maana uchafu unaovuja hufuata mfereji wa Nakivubo hadi ghuba ileile ya Ziwa Viktoria inayolisha mitambo ya maji ya Ggaba. Wenye mikahawa, wekeni chemba ya kunasa mafuta na muisafishe kabla haijajaa. Maji ya paa yasiunganishwe kamwe na bomba la majitaka: mvua ikinyesha, chemba za barabarani hufurika.