Nimerudi angani kupitia Kajjansi

Uwanja wa ndege wa Entebbe, Uganda, ulipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona nilivua sare ya urubani, nikaenda kufuga kuku Mukono. Mwaka huu nimejinoa upya katika shule ya urubani pale Kajjansi, uwanja mdogo wa ndege karibu na Kampala, na nimeridhika.

Mwalimu hakunionea haya kwa kuwa niliwahi kurusha ndege za abiria. Siku ya kwanza hatukuruka kabisa: kitabu cha Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, mezani, taratibu za dharura mpaka zikanitoka bila kufikiri. Siku ya pili, tukiwa upande wa Mpigi, akapunguza nguvu ya injini ghafla. "Haya Kapteni, tunatua wapi?" Mikono ilikumbuka, macho ndiyo yalichelewa. Kajjansi iko zaidi ya futi 3,700 juu ya usawa wa bahari, na jua likiwaka hewa huwa nyepesi, ndege hupanda kwa shida. Hesabu ya jinsi ndege itakavyopanda alinipigisha kabla ya kila safari. Hapo ndipo pesa yangu ilipokwenda vizuri.

Kasoro ni ndege moja kwa wanafunzi wengi. Mara mbili nilirudi nyumbani bila kuruka. Simuleta ya ndege kubwa, yaani mashine ya kuigiza urushaji ukiwa ardhini, hawana, utaitafuta kwingine. Mimi nimeshalipia saa tano zaidi.